Giza la Sekunde Sita

Pale Majengo, Malindi, ukishalipita duka la vyombo la Janet, kuna kibaraza cha Mwambire fundi cherehani, na mbele ya cherehani kuna benchi. Kibaraza ni chake, lakini benchi ni la watu wasio na haraka. Yupo Fondo muuza kahawa, aitwaye Taarifa, kwa kuwa kila kikombe chake hushuka na habari yake, na habari zenyewe haziishi upesi kama kahawa. Yupo Kazungu, mzee wa Jilore, aitwaye Wakili. Hajasomea sheria hata siku moja, ila ana kesi ya shamba ya miaka kumi na saba na amekaa kortini kuliko mahakimu. Na yupo Thuku, mtu wa bara aliyekuja kutengeneza pampu ya maji ya hoteli moja akasahau kurudi kwao; huyo ndiye Injinia. Mwambire mwenyewe hana jina la utani. Mtu anayekupima kiuno kila Krismasi humchezei sana. Juu ya cherehani yake pana bati moja la plastiki linalopitisha mwanga, na mwanga huo ndio taa yake, asubuhi mpaka jioni. Siku hiyo, saa nane mchana, alikuwa akishona shati jeupe la shule, na moyoni alikuwa na hofu ambayo hakuwa amemwambia mtu.

– Mwalimu, leo umewafundisha nini watoto wa watu? Fondo aliuliza, akimmiminia kahawa Mwalimu Phoebe, aliyekuwa amekaa mwisho wa benchi akingoja sketi yake itiwe zipu.

– Sayari za nyota nyingine.

– Ati nyota zina sayari?

– Jua letu ni nyota, Bwana Fondo, na lina sayari. Kwa nini nyota nyingine zinyimwe?

– Mmeziona kwa macho? akauliza Wakili, ambaye hupenda kuanza na ushahidi.

– Nyingi hatuzioni kabisa, Mzee. Ziko mbali mno, na nyota yenyewe inang'aa, inazifunika. Sisi tunautazama mwanga wa nyota. Sayari ikipita mbele yake, mwanga unapungua kidogo. Ikishapita, unarudi.

– Kidogo kiasi gani?

– Ile sayari yetu kubwa kuliko zote, Mshtarii, ingeziba kama sehemu moja katika mia ya jua. Hii dunia yetu haizibi hata sehemu moja katika elfu kumi.

Injinia alipiga mluzi. Wakili aliweka kikombe chini taratibu, kama afanyavyo akitaka watu wamsikilize.

– Yaani mwanga umepungua kitu ambacho hata nyota yenyewe haijui, nanyi mnakuja kusema pale pana dunia nzima. Mwalimu, wewe kwa hakimu ungetolewa nje.

– Ndiyo maana hatusemi mara moja. Mara ya kwanza tunaandika saa. Mara ya pili tunajua inarudi kila baada ya muda gani. Mara ya tatu ikija kwa wakati wake, kwa kiasi kilekile, na ikakaa muda uleule, hapo tunaanza kuamini.

– Na wao wa huko, kama wapo, wanatuona sisi tukipita mbele ya jua letu? Fondo alitaka kujua, maana hiyo ingekuwa habari ya kuuzia kahawa wiki nzima.

– Walio upande ambao dunia yetu hupita kati yao na jua, wangeweza. Mara moja kwa mwaka, kwa nusu siku hivi.

– Na siku hiyo ikiwanyeshea mvua?

– Wangoje mwaka mwingine.

– Hiyo sasa ni kesi yangu, alisema Wakili, na kwa mara ya kwanza akaiona elimu ya nyota kuwa ni jambo la maana.

Mwambire alikuwa ameliweka shati kando, anaitia zipu ile sketi, mguu kwenye pedali. Akauliza bila kuinua kichwa.

– Mwalimu, hebu nieleweshe. Mwanga ukipungua, mnajuaje kwamba kuna kitu kimepita? Si huenda hicho chombo chenu cha kutazamia ndicho kibovu?

– Umeuliza vizuri, fundi. Hilo ndilo la kwanza. Kabla hatujaishuku nyota, tunalishuku jicho letu wenyewe.

Mwalimu alikuwa na maana ya darubini. Lakini neno lile lilimwingia Mwambire mpaka kwenye mfupa. Alimkabidhi sketi yake, Phoebe akaikagua zipu, akashukuru, akaenda zake mbio kwa kuwa kipindi cha mchana kilikuwa kinaanza. Hakuwa amefika kwa Janet, na fundi amelirudia shati jeupe, lilipoingia weusi kidogo chini ya sindano. Halikuwa giza la kumfanya mtu aulize taa iko wapi. Ni kama pazia limevutwa robo, likakaa, likaachiwa.

– Hiyo, Mwambire alisema, na hakujua kwamba amesema kwa sauti.

– Hiyo nini?

Basi akawaambia. Wiki nzima kitambaa kinamfifia na kurudi, kinafifia na kurudi. Akawaambia na habari za Thoya, kaka yake wa Kaloleni, aliyemfundisha kutunga uzi akiwa na miaka tisa. Thoya naye alianza hivyohivyo, akisema mwanga unakwenda na kurudi, watu wakimwambia ni uchovu, na siku moja mwanga ukaenda usirudi. Sasa anakaa uani kwake akiletewa nguo azipapase, aseme hii ni pamba, hii si pamba.

– Naogopa, alisema Mwambire. Mimi sijui kazi nyingine. Na hospitali ya macho naogopa kwenda, kwa sababu nikienda nitaambiwa.

Wakili alikohoa. Injinia alitazama viatu vyake. Fondo ndiye aliyeshindwa kwanza, maana kimya humuumiza kama jino.

– Si macho, alisema. Ni kitu kinapita.

– Kitu gani?

– Sijui bado. Lakini mwalimu ametupa dawa sasa hivi, na nyinyi mmekaa. Macho mabovu hayana ratiba. Kitu kinachozunguka kina ratiba. Tupime. Ikija kwa wakati wake mara tatu, fundi yuko salama, kitu kinapita.

Mtu akikuletea tumaini kwenye kikombe cha kahawa, hulikatai. Mwambire alitazama uso wa Fondo, akaona hatanii, akasema haya, na tupime.

Kazi ikagawanywa, na pale benchini ugawaji wa kazi huchukua muda kuliko kazi. Fondo alishika simu kwa ajili ya saa. Injinia alichukua chaki ya fundi, akachora ukutani mstari mrefu na kuandika saa nane na dakika kumi, ile ya kwanza. Wakili alisema yeye atakuwa shahidi, akageuka kumkabili Mwambire. Na Mwambire aendelee kushona, ila aseme "hiyo" kila ikija.

– Mimi nasema ni Ngomeni, Fondo alianza, hata chaki haijakauka.

– Ngomeni wapi?

– Kwa Wataliano, kwenye ile mitambo ya baharini. Zamani si walikuwa wakirusha vitu juu? Kimoja kimechoka. Kinarudi nyumbani, kinazunguka kutafuta pa kutua.

– Na kimechagua bati la Mwambire?

– Bati lake linang'aa, Wakili. Kimefikiri ni hoteli.

– Wewe hujui kitu, Wakili alisema. Juu kule pana shimo. Ukienda Marafa, ardhi si imezama kwa uzito wa mambo yake? Basi mbingu nayo huzama. Mwanga ukifika pale penye shimo unatumbukia, halafu unapanda.

– Unapandaje?

– Wewe ukitumbukia shimoni utakaa humo? Utapanda.

– Hiyo, alisema Mwambire.

Fondo alisoma simu: saa nane na dakika ishirini na tisa. Injinia akaandika. Wakili akathibitisha kwamba fundi amesema "hiyo", wazi, bila kulazimishwa na mtu. Mwambire alikuwa amehesabu kimoyomoyo, sekunde sita. Injinia alitoka nje mbio kuangalia, mkono juu ya macho, akarudi baada ya kitambo.

– Kuna nini?

– Kuna mbingu. Na kunguru wawili, wamekaa kwa waya, hawaendi mahali. Hii kitu inapita haraka, nikifika nje imeshaenda.

– Dakika kumi na tisa, alisema Fondo, akizitaja kama mtu anayetaja mahari. Basi nyingine itakuja saa nane na dakika arobaini na nane. Ikija, mimi ndiye nimegundua.

Mwambire alishona kola. Mkono wake ulikuwa umetulia kuliko asubuhi. Alijiona mjinga kidogo, mzee wa wajukuu watatu akiyakabidhi macho yake kwa muuza kahawa, lakini hakuweza kujizuia. Kila dakika iliyosogea aliiombea. Na ilipofika ile dakika yenyewe, shati likafifia mbele yake palepale, kama mtu aliyeitwa akaitika.

– Hiyo.

– Arobaini na nane, alisema Fondo, akasimama.

Hapo ndipo maneno yalipofunguka. Injinia alitupa chaki juu akaidaka.

– Mimi sasa nawaambia ukweli, na msicheke. Hiyo ni sayari. Sayari yenyewe.

– Ya nyota gani?

– Ya hapa. Imetoka kwa nyota yake huko, imepotea, imepata jua letu ikasema wacha nikae hapa tu. Ni ndogo, kama boga. Inazunguka kila dakika kumi na tisa. Yaani mwaka wao ni dakika kumi na tisa.

– Mwaka mzima?

– Mwaka mzima. Kupanda, kuvuna, Krismasi, kila kitu. Mtoto akizaliwa huko sasa hivi, jua likizama hapa ana miaka kumi na moja.

– Hee. Na karo zake? akauliza Fondo.

– Na kesi yangu? akauliza Wakili.

Injinia aliinama ukutani na chaki. Alizidisha, akagawanya, akafuta kwa kiwiko, akazidisha tena. Watu wakangoja.

– Miaka yako kumi na saba, huko ni miaka laki nne na sabini elfu.

– Na bado wangeiahirisha, Wakili alisema kwa huzuni ya kweli.

Mwambire alicheka. Alicheka mpaka akavua miwani akaifuta kwa pindo la shati la mtoto wa watu. Wiki nzima hakuwa amecheka. Mara tatu, kwa wakati wake, kwa kiasi kilekile, sekunde sita zilezile. Aliona kana kwamba amevuliwa gunia mgongoni.

Ndipo akaingia mama mmoja, mfuko mkononi, vumbi la safari kwenye lesu.

– Hodi hapa. Shikamooni.

– Marahaba, mama. Karibu.

– Naitwa Kanze, natoka Marafa. Janet wa vyombo ndiye aliyenielekeza. Nina sketi ya mtoto, imekuwa ndefu. Akatazama ukuta wote ulioandikwa kwa chaki, akatazama wazee. Kwani hapa kuna mtihani?

Walimweleza wote watatu kwa pamoja, kila mmoja akimkata mwenzake. Nyota, Mshtarii, Wataliano, boga. Kanze alisikiliza hadi mwisho kwa adabu. Kisha akauliza.

– Kwa hiyo na nyinyi mmeliona hilo giza?

– Mara tatu, alisema Fondo.

– Umeliona wewe, kwa macho yako?

Fondo alifungua kinywa. Akaitazama simu yake.

– Mimi nilikuwa na saa.

– Na wewe, baba?

– Mimi nilikuwa naandika, alisema Injinia.

– Na wewe mzee?

Wakili, mtu wa ushahidi, alishika ndevu zake.

– Mimi nilikuwa shahidi wa fundi. Nilikuwa namtazama yeye usoni.

– Sasa shati lilikuwa likitazamwa na nani?

Mwambire alihisi gunia likirudi mgongoni, zito kuliko mwanzo. Kumbe walikuwa wamempima yeye. Saa nzima ya hesabu, ukuta umejaa chaki, na kwenye hesabu yote hiyo hapakuwa na macho mengine ila haya haya yanayoshukiwa. Na hiyo ratiba je? Mtu akingoja kitu kwa hamu, akijua dakika yake, si anaweza kukiona hata kisipokuja?

Alinyanyua shati, akalitandaza chini ya mwanga.

– Haya. Njooni karibu. Safari hii tazameni wote. Na wewe mama, tafadhali.

Vichwa vinne viliinama juu ya shati. Ilikuwa saa tisa na dakika moja, na kwa hesabu ya chaki kitu kilitakiwa kipite saa tisa na dakika saba. Mwambire alingoja kidogo. Shati lilikuwa jeupe, limetulia, halina neno. Akasema:

– Hiyo.

– Nimeliona, alisema Fondo papo hapo.

– Hata mimi, wazi kabisa, alisema Injinia.

– Tena hili limekuwa zito, alisema Wakili. Hili ni zito kuliko yale mengine.

– Mimi sikuona kitu, alisema Kanze.

– Hata mimi, alisema Mwambire.

Ilichukua muda kuwaingia. Walipoelewa, Fondo aliinamisha kichwa, Injinia akajifanya anatafuta chaki. Mwambire aliwatazama mmoja mmoja, akashindwa kujua awakaripie au awakumbatie. Watu wazima watatu wamemdanganya mbele ya mgeni, bila hata kushauriana, kwa sababu hawakutaka apofuke. Aliwapenda sana wakati ule. Lakini mapenzi yao hayakuwa na faida kwake kwa jambo hili.

– Geukeni ukutani, aliwaambia.

– Sisi?

– Nyinyi. Na simu zote kwenye kapu la Fondo. Sitaki kikohozi, sitaki mtu anikonyeze, sitaki mtu ataje dakika. Mama Kanze, kaa hapa kwenye kiti changu, weka shati mapajani. Wewe hunijui, nami sikudai wema wowote. Ukiona chochote, sema. Usipoona, usinionee huruma.

– Sawa, baba.

Aliyepita barabarani wakati ule aliwaona Taarifa, Wakili na Injinia wamepanga mstari, nyuso kwenye ukuta kama watoto waliochelewa shule, na mwanamke mgeni ameketi kwenye cherehani. Hakuna aliyethubutu kuuliza. Mwambire alisimama nyuma ya bega la Kanze. Aliacha kuhesabu, aliona akihesabu atajitengenezea giza mwenyewe. Alisikia dele la kahawa likitulia juu ya makaa. Alisikia Wakili akipumua. Alimkumbuka Thoya akipapasa nguo uani, akasema moyoni, ewe Mola, kama ni yangu basi niambie tu.

Shati likafifia.

Mwambire alibana midomo. Sekunde moja. Mbili. Kanze hakusema kitu. Tatu. Basi ni macho, alijiambia, basi yamefika.

– Sasa, alisema Kanze.

– Sasa nini? aliuliza Mwambire.

– Shati limeingia kivuli. Nilidhani ni mimi nimeliegemea. Alilitazama tena. Haya, limetoka.

Mwambire alikaa sakafuni. Hakuanguka, alikaa tu, kwa kuwa kiti chake kilikuwa na mtu, na machozi yakamtoka mbele ya watu wote wala hakuyafuta. Wale watatu waligeuka kutoka ukutani wakianza kusema kwa pamoja, kwamba wao walijua, kwamba wao walisema tangu mwanzo. Fondo alimshika mkono akautikisa kama mtu aliyechaguliwa diwani.

– Ngojeni, alisema Kanze, akiwa bado ameshika shati kwa mikono miwili, akilitazama bati la juu. Basi ni nini hicho kinachopita?

Fondo alimtazama Injinia. Injinia alimtazama Wakili. Wakili alitazama juu, akavuta pumzi ya kuanza hotuba, akaiachia bila neno.

– Hatujui, mama, alisema Mwambire kutoka pale sakafuni. Hatujui hata kidogo. Na hajapata kufurahi kutojua kitu maishani mwake kama alivyofurahi mchana ule.